Mkia wa Safu

Kwetu Ladakh watu hawaketi ovyo.
Kuna safu, na safu ina kichwa na mkia:
lama kichwani, karibu na jiko,
kisha mganga, kisha mnajimu ajuaye siku ya kupanda shayiri,
kisha wenye mashamba, kwa umri na kwa urefu wa mifereji yao,
na kule mlangoni, penye viatu na upepo,
baba yangu Tundup, mhunzi.

Kikombe alikuja nacho mwenyewe, kifuani, ndani ya joho.
Chai alimiminiwa kutoka juu,
birika lisije likabusu ukingo.
Akainamisha kichwa, akashukuru.
Nilikuwa na miaka saba. Nikahesabu:
watu thelathini na mmoja, vijiko thelathini na kimoja,
na mwiko mkubwa wa sufuria.
Mwiko ule aliufua baba.
Mwiko wa kumgusa, sijui aliufua nani.

Nilipouliza, bibi alinibana sikio:
"Achimbuaye chuma huwaamsha walio chini ya ardhi."
Basi. Hayo tu.
Kwa hayo mtu anakaa mlangoni maisha yake yote,
kama babake, kama babu yake.

Miaka ikapita, ikaja barua kutoka Kauhava, Ufini,
mji unaojivunia visu
kama miji mingine inavyojivunia majemadari.
Walikuwa wanakusanya wahunzi. Nikaenda naye, niwe mdomo wake.
Mzee Ylermi alitupokea stesheni,
akaushika mkono wa baba kwa mikono yake miwili,
akaugeuza, akayasoma makovu
moja moja, bila haraka,
kama mtu anayekagua cheti na kukiridhia.
Mkewe, Hilkka, alifundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma,
na daktari wa mji alipokutana naye njiani
alivua kofia.
Baba akaninong'oneza: "Huyu mama ni wa ukoo gani?"

Jioni wakamwekea kiti katikati ya meza.
Akasimama. Akautafuta mlango kwa macho,
akaenda akaketi pale, kwenye benchi la kuvulia viatu,
akatoa kikombe chake kifuani.
Chumba kikanyamaza.
Wafini ni mabingwa wa kunyamaza,
lakini ukimya huu haukuwa wa kawaida.
Kisha Ylermi akanyanyua sahani yake, akamfuata.
Hilkka naye, na chupa.
Wakaja wote, wakabanana kati ya mabuti na makoti,
mezani wakabaki samaki na mishumaa.
Baba alicheka hadi akapaliwa.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini siku ya kuondoka, kule kule stesheni,
mwanamke mmoja alikuwa anapiga deki,
na Ylermi, huku akinieleza utukufu wa kazi ya mikono,
akairuka ndoo yake
bila kumtazama.
Baba alimtazama.
Akazunguka mbali, sakafu isichafuke,
akamwinamia kichwa, vile vile
anavyowainamia wanaommiminia chai.

Leo mimi nina mhuri, mjini Leh.
Sijawahi kufua hata sindano.
Nagonga karatasi: huyu apewe maji, yule asubiri.
Nikirudi kijijini wananivuta mkono,
"Pita juu, afisa, pita juu,"
hadi magoti yangu yaunguzwe na jiko.
Baba yuko mlangoni.
Anasema mgongo wake umeuzoea upepo.
Sijui kama ni kweli, au ananisitiri.

Naletewa supu, na kijiko.
Nyuma ya mpini kuna alama yake,
vijishimo vitatu vya patasi, hafifu, vimelikwa na midomo.
Navipapasa kwa kidole gumba.
Wazee wananitazama, maana hakuna anayekula
kabla ya aliye juu kuonja.

Supu inapoa.
Kutoka hapa hadi mlangoni ni hatua kumi na nne.